Kifudifudi Mbele ya Mama Mkwe

Mikumi, Jumapili jioni

Kwako dada Yunis,

Shikamoo. Hapo Berega mnaendeleaje? Kifua cha mama kimepoa? Na mahindi, mnavuna nyie au wanavuna ngedere? Mimi nipo, tena nina bahati ambayo ingegawiwa Kilosa nzima ingebaki. Nimepasuliwa jicho Dar na limerudi jipya kabisa! Nikikaa barazani nasoma namba za malori ya Zambia yakiwa bado huko mbugani. Watangazie hivyo hivyo kanisani.

Ulisikia lilivyoanza. Nilikuwa natoka Tunduma na mzigo, jicho la kushoto likawa linapiga radi ndani kwa ndani, kisha pazia jeusi likashuka. Daktari akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaoshika picha, na wangu umebanduka kama plasta ya ukuta wenye unyevu. Wakaurudisha, wakajaza gesi jichoni iukandamize mpaka ushike. Nikamwambia mimi ni dereva, siyo mtungi. Hakucheka. Akasema gesi hupanda juu, kwa hiyo nilale kifudifudi, uso chini, usiku na mchana, hata kula niiname, mpaka anione tena.

Dada, mimi niliyelala chini ya lori Kongo nishindwe na godoro langu mwenyewe? Nikalala vizuri tu. Jastin, utingo wangu, akaja kuniuliza nimepoteza nini huko chini mpaka leo sijakiokota. Tukacheka sana.

Kesho yake akaingia mama mkwe, katoka Masanze na kuku mkononi, kuja kunijulia hali. Sasa niambie wewe tuliyelelewa nawe nyumba moja: mwanamume analalaje makalio juu mbele ya mama wa mke wake? Nikaruka, nikavaa shati, nikaketi wima, shikamoo mama. Akafurahi. Akakaa wiki nzima! Kila akichungulia mlangoni, mimi wima. Mke wangu Naomi akanikaripia, nikamwambia mambo ya wakwe aniachie mwenyewe. Mama akaondoka akiwaambia majirani kwamba hajapata kuona mkwe mwenye adabu kama mimi. Adabu! Nilitaka kung'ata shuka.

Nimerudi kwa daktari, utando umebanduka tena. Amekubali kuurudia, ila amesema wazi kwamba safari hii ukishindikana, basi tena. Na mama mkwe ameshatuma salamu kuwa anakuja kuniuguza!

Njoo, dada. Ukae mlangoni na huo ulimi wako unaoogopwa hadi na mchungaji. Kuku umpokee, mwenyewe umzuie. Naomi hawezi kumfukuza mama yake, na mimi, nikisikia tu sauti yake, nitanyanyuka. Najijua.

Mama mpe shikamoo yangu, watoto wote wasalimie. Kanisani usitangaze kitu. Habari ya jicho jipya ni uongo. Halioni.

Mdogo wako,
Yared