Jiwe Lililoguswa

Hvammur, Manitoba
2 Machi 1954

Mpendwa Shangazi Lilja,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama. Jumamosi, kwenye fainali ya mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, ufagio wangu uligusa jiwe letu la mwisho likiwa bado linateleza, nami nikanyamaza.

Hujambo lakini? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa Baba. Theluji ya mwaka huu imemchosha kwa kuizoa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufagia barafu mbele ya jiwe ili lifike mbali, na kanuni unaijua: aliyegusa husema mwenyewe, na jiwe huondolewa. Mimi nikaendelea kufagia. Jiwe likasimama katikati ya duara, tukashinda. Nahodha wetu, Bibi Sigga, akapiga kelele, "Thordis wee, umelileta kama unamlaza mtoto!" Ana miaka sitini na minane na hajawahi kushika kombe lile. Watu wakatubeba. Tarehe kumi na tano kombe linapelekwa huko Winnipeg kuchorwa majina yetu.

Nifanyeje?

Mwanao,
Thordis


Winnipeg
8 Machi 1954

Thordis mwanangu,

Barua imefika, nami ni mzima, mafua tu. Msalimie mama yako.

Sitakukaripia, umeshajikaripia vya kutosha. Ila usimwandikie katibu wa klabu. Utajificha nyuma ya karatasi, kama ulivyojificha nyuma ya hii uliyoniandikia mimi. Jiwe lile lilimnyima ushindi Olga Petryshyn, nahodha wa upande wa pili. Nenda kwake kwa miguu yako, useme. Akilitaka kombe, apewe. Sigga atalia, nami nitapanda treni nije kukaa naye.

Shangazi yako,
Lilja


Hvammur
13 Machi 1954

Shangazi mpendwa,

Natumaini mafua yamekuachia. Huku baridi imelegea, gari la Baba linawaka bila kubembelezwa.

Nilikwenda jana. Olga alikuwa jikoni akikunja maandazi ya viazi ya kwao. Nikasema yote kwa pumzi moja, macho kwenye unga. Hakuacha kukunja.

"Niliona," akasema. "Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mchezo huu mtu hasemewi. Nilikungoja. Siku kumi na tatu, binti! Nikadhani ulimi wako umeganda."

Nikamwambia kombe ni lake. Akacheka kidogo.

"Sigga analifuta kila asubuhi kama kikombe cha mfalme. Nikamnyang'anye mimi, kizee yule? Aninunie mpaka kaburini? Mwache nalo. Lakini wewe hutoki hivi hivi. Msimu ujao utanifagilia mimi."

Nikakubali.

Leo asubuhi nimemwambia Bibi Sigga kwamba ninahamia upande wa Olga. Akasukuma kahawa yake kando. "Tumeshinda mara moja tu, na wewe umeshatafuta nahodha mwingine? Haya, msaliti mdogo, nenda." Mchana, pale posta, wasichana wawili wakaniita hivyo hivyo kwa sauti ili kila mtu asikie. Nilinunua stempu nikatoka. Nikieleza sababu, kombe litamtoka mikononi.

Kwa hiyo, shangazi, barua zangu zote mbili zichome. Usimwambie mtu, hata Baba. Na Bibi Sigga akikuandikia kuuliza kwa nini nimemwacha, mjibu kwamba hujui.

Mwanao,
Thordis