Ukingo Tulioutengeneza, na Mdogo Wako Mika

Baba Neema, mume wangu,

Nimerudi kutoka mtoni, udongo bado uko kwenye kucha. Nimeketi barazani nikuandikie, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia haya. Mama yako machozi yake yako karibu siku hizi, na binti yetu akiniona kimya ananiletea chai, basi.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Chamwino mara ya kwanza? Ulikuwa umejisugua ndimu mwili mzima ili harufu ya kiwanda cha ngozi isikutangulie mlangoni. Haikusaidia kitu. Baba alikunusa, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kijana huyu ananuka ng'ombe," alisema. "Bila shaka na mahari ya ng'ombe tutaiona." Mimi nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa khanga, kwa sababu na mimi nilinuka vilevile. Nilikuwa nachambua ngozi chumba cha jirani na matangi yako, na huko ndiko ulikoanza kunisalimia hata mara ambazo hukuwa na shida huko.

Jioni tulivuka mto pamoja kurudi nyumbani. Kiangazi ulikuwa mchanga mtupu, wewe umebeba viatu mkononi, ukiwaiga wakubwa wa kiwanda sauti zao, mimi nikikuambia nyamaza watakusikia.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na kiwanda kikafungwa. Tulisimama getini tukaambiwa mwekezaji anatafutwa. Mitambo ikapakiwa kwenye malori ikaondoka, mwekezaji hatukumwona. Ukakaa nyumbani, chakula ukikiacha nusu, halafu asubuhi moja ukarudi na chepe jipya.

"Mji unajengwa, Mama Neema," uliniambia. "Wanaojenga watataka mchanga."

Mika, mdogo wako, akakufuata, kama alivyokufuata tangu utoto. Mkachimba chini ya ukingo wa mto, nyuma ya kiwanda, malori yakija kupakia.

Watu walinieleza baadaye jinsi ukingo ulivyoshuka. Mimi nakumbuka nilikuwa napepeta karanga, nikamwona Mika akija mbio bila shati, vidole vimechanika. Alikuwa amekufukua kwa mikono. "Shemeji," alisema. "Shemeji." Kesho yake tukakuzika.

Sasa nikupe habari usizozijua. Mwaka jana manispaa ilitangaza kwamba ukingo ule utatengenezwa, pawe bustani ya wananchi. Walitaka vibarua, nikaenda kujiandikisha. Mama yako hakuongea nami siku nzima. Jioni ndipo akauliza, "Unakwenda kupapamba mahali pale?"

"Nakwenda kupaziba, mama," nilimjibu.

Tulizoa udongo uliogeuka buluu kwa dawa za kiwanda. Ukingo uliokuwa umesimama kama ukuta tukaulaza. Tukapanga mawe ndani ya nyavu za waya, na juu yake tukapanda majani yenye mizizi mirefu na miti ya kivuli. Tulipofika pale ulipofukiwa, wenzangu waliacha kazi wakaniangalia. Sikulia. Niliomba wanipitishie mawe.

Lakini Mika alikuwa bado anachimba, upande wa juu ambako nyavu hazijafika. Alikuwa ameula ukingo kwa chini mpaka pakawa kama pango. Wasimamizi walimfukuza, akarudi. Nikamwendea mwenyewe.

"Shikamoo, shemeji," alisema bila kuacha chepe.

"Marahaba. Mika, acha."

"Niache nikale wapi? Watu watakuja kwenye bustani yenu kupunga upepo. Wanangu watakula huo upepo?"

Nikashuka, nikaingia mle ndani, nikaketi nimeegemea ukuta wa udongo.

"Toka, shemeji! Utakufa humo!"

"Na wewe humu unafanya nini?"

"Mimi nimezoea. Nausikia udongo ukitaka kushuka."

"Kaka yako naye aliniambia hivyo hivyo."

Udongo kidogo ukanidondokea kichwani, tukausikia wote wawili. Akatupa chepe, akanikamata mkono, akanivuta nje kwa nguvu hadi tukaanguka kwenye mchanga. Tulikaa juani tukijipangusa mchanga. "Sirudi tena," alisema. Na kweli hakurudi.

Mvua zilipokuja, mto ulishuka ukinguruma, mwekundu. Pango la Mika likaporomoka lote mchana kweupe. Mawe yetu yalisimama. Watu walinipa mkono sokoni kama vile nimejifungua.

Ila kabla mvua hazijakatika, Mika alikuja kuaga na mfuko mmoja. Anakwenda Mererani, kwenye machimbo ya mawe ya vito. Nikamwuliza kama anajua huko watu wanashuka chini kiasi gani.

"Najua."

"Kwa nini basi nilikutoa kule?"

Alinitazama kwa upole, Baba Neema, na hilo ndilo linaloniuma. "Ulinitoa, shemeji, nakushukuru. Lakini ulinitoa ukanipeleka wapi?"

Tangu hapo, hata salamu hatujapata. Mkewe anakuja kuniuliza, mimi nakwenda kumwuliza yeye.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimpeleka mama yako bustanini. Alikuwa hajawahi kukubali. Wanafunzi walikuwa wamelala kwenye majani na vitabu vyao, watoto wanateleza mtelemkoni na maboksi. Alitembea polepole, akayagusa mawe, akaketi.

"Pazuri," alisema. Kisha akauliza: "Huku ulijenga. Huko aliko Mika wangu kuna mtu anayejenga?"

Nilimshika mkono.

Sijui mliotangulia mnapewa nafasi gani ya kututazama. Kama unayo hata kidogo, usiitumie kwangu. Shuka na Mika huko anakoshuka, ukae karibu naye.

Mkeo asiyeacha kukuita,
Mama Neema