Keki Iliyomalizikia Uwanjani

Jumamosi, wiki ya mwisho ya likizo. Asubuhi kulikuwa na ukungu wa mlimani, mchana jua, sasa ni jioni.

Muga! Nakusalimu kwa Kimeru, naona hata kuitikia salamu umesahau. Umekuwa wapi wewe? Tumepanda maharagwe, tumeyapalilia, tumeyang'oa, na hujapita hapa kunijulia hali. Nilianza kuuliza watu kama kuna matanga nimekosa. Kumbe uko mzima, unanenepa tu huko. Haya, kaa. Usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Kama wewe ni mgeni, jua kwamba mimi sikusoma. Mkono wangu unajua jembe na mwiko, kalamu haijawahi kukaa humo. Ninasema, mjukuu wangu Karimi anaandika kwenye simu, kisha ananisomea mpaka niseme ndiyo. Leo anataka kuruka mambo fulani. Utaona ni kwa nini. Sitamruhusu.

Leo nina majivuno. Nimejaribu kuyaficha, yamekataa.

Karimi ana kaka mmoja, Mwenda. Baba yao ni Murithi, mwanangu, ana kazi ya ofisi Meru mjini, na mkewe anauza ndizi soko la Gakoromone. Kwa hivyo hawa watoto wawili wamelelewa na moshi wangu. Jikoni kwangu ni banda la mbao kando ya nyumba: mafiga matatu, jiko la makaa, na kuku mmoja aliyekataa kutaga mahali pengine.

Mwenda alijua kusonga ugali kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyemlazimisha. Wenzake wakicheza mpira, yeye alikuwa amechuchumaa hapo kando yangu akiuliza kwa nini kitunguu kinatangulia nyanya. Chapati zake za kwanza zilikuwa na pembe kama fahali. Tulizila na pembe zake.

Keki ilianza na Karimi. Alienda sherehe ya rafiki yake mjini, akarudi analia anataka keki, na mimi tanuri sina. Mwenda akakaa akafikiri. Akachukua sufuria kubwa, akaweka mchanga wa mtoni chini, akaingiza sufuria ndogo ndani yake, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Karatasi ya pakiti ya unga akaikata duara, akaipaka majarini, ikawa kitanda cha keki. Ile ya kwanza tulimpa ng'ombe. Ng'ombe aliitazama, kisha akanitazama mimi.

Lakini huyo kijana hachoki. Akaanza kuchanganya unga wa ngano na wa wimbi kidogo, na zile ndizi mamake hurudi nazo kutoka sokoni zikiwa zimeiva mpaka ngozi imekuwa nyeusi. Siku moja akina mama wa kanisa walipewa kipande kimoja kimoja na chai, wakanyamaza. Hao akina mama hawanyamazi hata wakati wa maombi.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kulikuwa na shida.

Kwetu sisi, mvulana akishatahiriwa hakanyagi tena jikoni kwa mamake wala kwa nyanyake. Anapewa nyumba yake ndogo, chakula anapelekewa. Akionekana amekaa karibu na mafiga, wenzake watamwimbia mpaka atamani kuhama. Ndivyo ilivyokuwa kwa marehemu mume wangu, na kwa wanangu wote, na mimi mwenyewe niliwafukuza kwa mwiko. Sioni aibu kusema hivyo. Mwanaume anatakiwa aijue siku aliyoacha kuwa mtoto.

Na mwaka huu zamu ilikuwa ya Mwenda.

Kabla hajaenda kutahiriwa, tulikuwa tunamenya ndizi za kuponda mukimo, mimi na yeye. Akauliza bila kuniangalia, “Shosho, nikishatoka, nitapika wapi?”

Nikamwambia, “Utapikiwa.”

Akachukua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa, akaanza kuiosha tena.

Jibu langu lilikuwa la kweli, hata mzee yeyote angejibu hivyo. Lakini usiku huo lilinikatiza usingizi.

Kuanzia siku hiyo akamshika Karimi. Kila jioni ilikuwa masomo. Namna ya kupasua yai bila kuangusha ganda, namna ya kujua makaa yametulia: weka kiganja juu, ukiweza kusema jina lako na la baba yako bila kutoa mkono, moto ni mzuri. Alikuwa anagawa mali yake kama mtu anayesafiri asijue kama atarudi. Karimi alidhani ni mchezo. Mimi nilikuwa naona, na nilijifanya nachochea moto.

Kisha wanaume wakamchukua, akakaa kwenye nyumba yake ndogo akipona, na sisi wanawake hatukumwona. Chakula kilipelekwa na kijana mkubwa anayemhudumia. Siku moja huyo kijana akarudi na sahani tupu na ujumbe: mukimo wa jana ulikosa chumvi, na Karimi aache kuuponda kama anaua nyoka.

Nikajua amepona.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa. Murithi alitaka kununua keki mjini, ile nyeupe yenye maua. Nikamwuliza hiyo keki inamjua nani hapa nyumbani. Nikasema keki ya Mwenda ataioka Karimi, na atakayeona ni mbaya ale mbuzi.

Hapa ndipo Karimi amesimamisha kidole. Andika, mwanangu. Hakuna anayekucheka.

Karimi alifanya kila kitu vizuri. Alipepeta unga, akaponda ndizi, akapiga mayai mpaka mkono ukauma. Keki ikaingia. Lakini wageni walianza kufika, akasikia vigelegele huko barabarani, akaona makaa kama yanafifia, akaogopa keki haitaiva kwa wakati. Na pale pembeni kulikuwa na gunia la maganda ya makadamia, kwa sababu hiyo miti tunayo shambani na maganda yake ndiyo sisi huwashia moto. Akajaza mikono yake miwili, akatupa chini ya sufuria.

Mtu wa kwetu anajua maganda hayo. Yana mafuta. Yanachemsha maji ya chai kabla hujatafuta kikombe. Lakini keki si chai.

Nje wageni walikuwa wamekaa kwenye benchi tulizoazima kanisani. Mwenda alikuwa katikati ya wanaume, amevaa kofia mpya na koti la babake, mabega yake bado hayajafika kwenye mabega ya koti. Kando yake alikaa Mzee M'Itonga, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ni mtu wa maneno machache. Watu humwogopa kwa hayo machache.

Wengine wote walisikia harufu ya keki, wakatabasamu. Mwenda alisikia harufu ya chini ya keki.

Nilimwona akiinua pua. Akainuka. Akatembea moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akasimama. Kiatu chake kipya kiligusa ubao wa kizingiti, hakikuvuka.



“Kijana,” Mzee M'Itonga akasema kutoka pale alipokaa, bila kupandisha sauti, “huko umehama.”

“Najua, mzee,” Mwenda akasema. “Lakini inaungua.”

Ndani, Karimi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, machozi yanateremka, asijue aanzie wapi. Moshi ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Kule nyuma vijana wa rika la Mwenda wakaanza kuchekea viganjani. Mmoja akauliza kwa sauti kama Mwenda aletewe sketi.

Mimi niliangalia kile kiatu. Akivuka, atakuwa yule kijana aliyerudi jikoni siku ile ile aliyotolewa, na jina hilo litamfuata mpaka aote mvi. Asipovuka, keki ya dada yake itakuwa makaa, na yeye atajifunza kwamba mwanaume ni mtu anayesimama akiangalia kitu kikiungua.

Sikufikiri sana. Mimi si mtu wa kufikiri sana, mimi ni mtu wa kubeba.

Nikachukua matambara, nikashika lile jiko kwa masikio yake, na sufuria zake, na mchanga wake, na moto wake wa juu na wa chini. Mgongo ukaniuliza kama nina akili. Sikuujibu. Nikamwambia Mwenda ajitoe mlangoni, nikatoka nalo, nikaliweka uwanjani mbele ya viatu vyake.

Kisha nikamgeukia mzee. “Baba,” nikamwambia, “hapa ni jikoni kwa nani?”

Ujue pale nilipoliweka ndipo wanaume huchoma mbuzi. Asubuhi hii hii walimchoma mmoja, na Mzee M'Itonga mwenyewe ndiye aliyekuwa akigeuza mbavu, na sijasikia mtu akimwuliza habari za sketi.

Mzee akaangalia chini. Akaangalia majivu ya mbuzi. Akachokoa meno kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuhisi joto la jiko kwenye miguu.

“Hapa si kwa mama wa mtu,” akasema. “Lakini avue koti. Hilo ni la babake.”

Ungemwona Mwenda akivua lile koti! Alimtupia babake. Akachuchumaa. Akatoa maganda kwa koleo, akayazika kwenye udongo. Akamwaga majivu juu ya makaa ya chini kuyatuliza, akapunguza yale ya juu. Karimi akatoka na mwiko wake, akachuchumaa upande wa pili. Mwenda akamwuliza polepole ameweka nini, akaambiwa. Hakumgombeza. Alimwambia tu aweke kiganja juu ya moto na ataje jina lake na la baba yake.

“Karimi Murithi,” akasema, bado ana kwikwi, na mkono hakuutoa.

Tulingoja. Watu wazima na heshima zao walikaa wakiangalia sufuria. Mwishowe Mwenda akachoma katikati na kijiti, kikatoka kikavu, akaipindua keki kwenye sinia. Chini ilikuwa nyeusi kama sufuria yenyewe. Akachukua kisu, akaikwangua polepole mpaka akafika kwenye ile rangi ya kahawia ya wimbi, na harufu ya ndizi ikafunguka.

Mimi nilijua kipande cha kwanza ni cha mzee. Murithi alijua, kila mtu alijua. Mwenda akakata, akampa Karimi.

“Hii ni keki yako,” akamwambia mbele ya wote. “Mimi nimepunguza moto tu.”

Cha pili ndicho alichompelekea Mzee M'Itonga, akikishika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Mzee alikula kikaisha. Akafuta midomo, akauliza kama kuna kipande kinachoweza kwenda nyumbani kwa mkewe, maana miguu yake ilimzuia kuja. Na yule kijana wa sketi nilimkuta baadaye nyuma ya ghala, anakwangua karatasi ya unga kwa kucha.

Ndiyo maana nina majivuno. Nimelea watu wengi katika maisha yangu, na wengi wao wanajua kula. Lakini mvulana anayesimama kwenye kizingiti akijua heshima iko wapi, na moyo wake uko ndani na dada yake, huyo sikumnunua popote. Na huyu msichana aliyelia lakini hakutoa mkono, ambaye sasa anaandika haya akiwa amenuna, huyo pia ni wangu.

Karimi anasema nimejisifu vya kutosha. Hapana, bado.

Jioni hii, wageni walipoondoka, Mwenda alikuja akasimama nje ya dirisha la jikoni. Hakuingia, tena hakuomba. Akaniuliza tu kama lile jiko lirudi ndani. Nikamwambia liache hapo hapo.

Kesho baada ya kanisa Murithi ataniletea nguzo kabla hajarudi mjini, apende asipende. Nina mabati ya zamani nyuma ya ghala. Tutasimamisha kibanda pale uwanjani, paa tu, bila ukuta, ili kila apitaye aone. Hakitakuwa jikoni kwa mama wa mtu. Mwenda aliniuliza atapika wapi, nami nikamjibu haraka. Sasa nimemjibu vizuri.

Kwa hivyo wewe, ukija tena, na usikae mpaka maharagwe mengine yakauke, usipige hodi mlango wa jikoni. Zunguka nyumba. Beba ndizi zilizoiva mpaka unaona haya kuzibeba mbele za watu. Fuata moshi, na ukimkuta mwanaume amechuchumaa kando ya sufuria, usicheke. Mpe ndizi, ukae, ungoje keki iive.