Maksai wa Kamanzi

Rwezamenyo, Kigali
Machi 1994

Kwa ndugu yangu Kamanzi, huko Ngara,

Pokea salamu nyingi kama nzi wa Nyabugogo. Goti lako linaendeleaje, na mama Gasana bado anakuvumilia? Mimi iko mzima, ila meno ya mbele yameniaga bila kuomba ruhusa. Idi tumeila, lakini mlango tulifunga.

Mwanao Gasana aliponiletea wale maksai ulionipa mwaka jana, baada ya mapatano ya amani, mtaa mzima ulitoka kutazama. Unajua huku ng'ombe anasifiwa kwa mashairi, hafungwi nira. Jirani yangu Mukamana alijifunika uso kwa kitenge, akaniuliza dini gani inaruhusu kumpa ng'ombe kazi ya lori. Nikamwambia dini ya mtu asiye na lori. Na walivuta, Kamanzi! Magogo ya mikaratusi kutoka mlimani mpaka shimo langu la kupasulia mbao, Gasana akiwapigia mluzi tu. Kahawa kushoto, Maziwa kulia, kama ulivyowazoesha tangu ndama.

Sasa kaa chini. Siku hizi vijana wa hapa wanafanya mazoezi na marungu, wakiimba maneno ambayo sitayaandika. Gasana wanamwita mtu wa waasi kwa sababu ametoka kwenu, na kwa sababu ya hiyo pua uliyompa.

Baada ya Idi akaja Nsengiyumva, fundi baiskeli aliyekuwa akinywa chai kwangu, na wenzake. Alitaka niwavutie magogo mpaka njia panda. Nikauliza yakatwe urefu gani. Akasema upana wa barabara. Nikatania kama wanajenga nyumba katikati ya barabara. Akaniambia muzee, gogo ni la kuvuta, si la kuulizia.

Hapo nikaleta ujanja wangu. Gasana nilikuwa nimemtuma sokoni. Nikawafunga maksai kinyume, Kahawa kulia, Maziwa kushoto. Wakazunguka kama walevi wanaogombania mlango, mwisho Kahawa akakaa chini njiani. Nikamwambia Nsengiyumva ng'ombe wamegoma, labda wanadai nyongeza ya mshahara. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Yeye akanitazama tu, akasema ng'ombe hawa wanamsikia yule kijana wa Tanzania, basi kesho nimlete, na kitambulisho chake mkononi. Nilitaka kuwanyima magogo, kumbe nimewakumbusha mtoto wako.

Kesho yake walipokuja niliapa kwamba amerudi kwenu. Niliapa uongo, Mungu na mimi tutaongea. Gasana yuko ndani ya lile shimo, juu yake mbao, juu ya mbao unga wa msumeno. Mchana kutwa nagongagonga magogo kwa shoka, asisikike akikohoa.

Lakini maksai walinusa harufu yake. Nikiwafungua, wanakwenda moja kwa moja ukingoni mwa shimo, wanainamisha vichwa, wanalia. Nikiwapeleka bondeni, wanarudi. Nsengiyumva alisimama akawaangalia, akaniuliza wanatafuta nini humo. Nikamwambia wanapenda chumvi ya jasho langu. Akaondoka, lakini anageuka nyuma.

Basi nikawachinja, Kamanzi. Wote wawili, kwa mkono huu unaoandika. Najua ng'ombe uliyepewa na rafiki hauawi, kumuua ni kuua urafiki. Maini nikampelekea Nsengiyumva, akasema sasa nimekuwa muzee mwenye adabu. Gasana alisikia yote kutoka chini. Tangu hapo chakula hakigusi.

Barua hii ataishona Kellen, muuza vitenge wa Niboye, ndani ya pindo la nguo yake, nayo inatangulia lori la mbao ninazokutumia. Mwanao atalala chini ya mbao hizo. Acha goti ligombe, nenda ukamsubiri Rusumo, upande wenu wa daraja. Akitoka, usimuulize habari za ng'ombe; nitukane mimi. Lori likifika na mbao tu, mshukuru dereva mbele za watu, zipokee mbao zako, na mama Gasana asiambiwe barabarani.

Nisalimie wajukuu, na yule mbuzi wenu mwizi.

Ni mimi rafiki yako, kama bado unanikubali,

Usumani