Masikio ya Kosta

Jumatatu, 19 Septemba 1966

Imenibakia sauti moja. Haikuwa kubwa. Kama mtu ameangusha gunia la sukari kwenye sakafu ya ghala, mbali, mchana wa jua kali. Nilikuwa ubaoni nikiwafundisha wasichana wa darasa la nne kugawanya. Hakuna aliyeshtuka. Niliandika jibu, nikafuta, nikaendelea. Kumbe lilikuwa bomu lililofukiwa kwenye barabara ya Modogashe, na lori la Kosta ndilo lililopita juu yake.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Dereva wake alikufa pale pale. Kosta alirudi kutoka hospitali ya Nairobi na miguu yake miwili, mikono yake miwili, na masikio yasiyosikia kitu.

Leo nimetoka shule saa tisa na nusu, nikampitia shangazi yangu, Eeddo Halima, tukaenda karakana. Kama kila Jumatatu. Kama kila Alhamisi. Saa kumi kamili nikawasha redio.

Alhamisi, 22 Septemba

Naandika mambo haya yalivyo, maana siku moja nitajiuliza kama yalitokea kweli.

Kosta ni Mgiriki. Fundi wa malori na pampu za visima, miaka kumi na minane hapa Garissa. Alizaliwa Pireas, mji wa bandari, na timu ya bandari hiyo ndiyo dini yake ya pili. Jezi za milia nyekundu na nyeupe. Kwao hawana mpinzani. Ubingwa waliuchukua msimu uliopita, na kwa hiyo mwaka huu wanaingia kombe la mabingwa wa Ulaya.

Kituo cha kwao kina kipindi cha mabaharia, na humo matokeo yanasomwa. Kosta ana redio ila hana masikio. Mimi nina masikio ila sina Kigiriki. Basi alinifundisha: namba hadi kumi, majina ya miji, neno la kushinda, la kushindwa, la sare. Mwenyeji hutajwa kwanza. Nilijifunza kama nilivyojifunza majina ya mababu wa Aabo, baba yangu, nikiwa na miaka mitano. Kwa sauti tu, bila kuuliza walikuwa akina nani. Nabandika sikio kwenye kitambaa cha spika, naandika kwenye kibao cha shule, Kosta anasoma. Kisha mtaa mzima unapata habari, kwa sababu hajui tena sauti yake ina ukubwa gani.

Aabo alikubali kwa sharti moja: Eeddo akae ndani, na mlango uwe wazi. Eeddo huja na mkeka anaosuka. Mwanzoni alikuwa akinung'unika. Siku hizi ndiye anayeuliza kwanza.

"Naa, binti, hao wa milia wameshinda?"

Nilimwambia leo hawakucheza. Akakasirika kama mtu aliyeibiwa mbuzi. "Hawakucheza? Wanaume wazima, kazi yao nini basi? Mwambie Bwana Bire nimekuja bure." Ndivyo anavyomwita Kosta, kwa mji wake; P ya Pireas haijawahi kumtoka mdomoni.

Lakini mimi siendi kwa ajili ya mpira. Matokeo yakiisha, Kosta huniachia nusu saa. Nazungusha kitufe, sindano inatembea. Cairo. London. Delhi. Mwanamke anaimba kwa lugha nisiyoijua. Hapa hatuendi popote bila karatasi yenye mhuri. Saa kumi na mbili jioni kila mlango umefungwa kwa amri. Nina miaka ishirini na moja, nimesoma Nairobi miaka minne, na dunia yangu sasa ni kitambaa cha spika chenye upana wa kiganja. Naitaka redio ile. Nimeandika. Naitaka.

Alhamisi, 29 Septemba

Wamefungwa. Ugenini, Sofia, kule Bulgaria. Tria, ena. Tatu kwa moja. Nimesikia vizuri, na mtangazaji alirudia.

Asubuhi mjane wa dereva alikuja karakana kuchukua koti la mumewe. Lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari. Eeddo aliniambia tukiwa njiani. Tulipofika, Kosta alikuwa amenyoa ndevu. Ameshika kikombe cha bati kwa mikono yote miwili, haoni kitu kingine isipokuwa mkono wangu wenye chaki.

Niliandika 1–1.

Mkono ulitangulia, mimi nikafuata. Kosta akapiga meza. "Sare! Sare ugenini!" Haji Nur, mwenye duka la mbele, akaja kusimama mlangoni. Akajichora milia kifuani kwa kidole, akaweka mikono kichwani kama masikio ya punda.

"Punda milia anapiga teke, Haji," Kosta akamjibu. "Waulize Wabulgaria."

Watu wakacheka. Mimi pia.

Kwa nini nimefanya hivyo? Najua kwa nini. Waliofukia bomu ni watu wetu. Serikali inawaita mashifta, sisi nyumbani hatuwaiti jina lolote. Mtoto wa mjomba hajaonekana tangu Ramadhani. Kosta hajawahi kuniuliza habari zake. Hilo ndilo linaloniunguza. Hajawahi kuniuliza.

Nimejiambia: ni mchezo tu. Kesho atakuwa amesahau.

Jumamosi, 1 Oktoba

Askari wamepita nyumba kwa nyumba. Majina, vitanda, mapipa ya maji. Daftari hili lilikuwa ndani ya debe la unga. Nimeshinda na unga kwenye kucha.

Jumatatu, 10 Oktoba

Ligi ya kwao: wameshinda. Hii ni ya kweli. Chaki ilikuwa nyepesi mkononi.

Shuleni wameongezeka wasichana saba. Familia zao zimetolewa malishoni zikaletwa kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge. Mmoja, Fatuma, anatoka upande wa Hulugho. Hajawahi kukalia dawati. Anakaa juu yake, si nyuma yake. Sikumrekebisha.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sina nguvu ya kuandika na siwezi kuacha.

Leo matokeo ya mechi ya pili na wale wale wa Sofia. Pireas ilitajwa kwanza. Ena. Sofia, miden. Moja kwa bila. Nilifurahi kuliko Kosta. Niliona uongo wangu umezikwa: siku moja wameshindwa, siku nyingine wameshinda, yameisha. Nikaandika 1–0 kwa tarakimu kubwa.

Kosta akaibusu redio. "Tumepita!"

Niliandika: Mmepita wapi?

Akanyakua chaki. Akaandika 1–1. Chini yake 1–0. Akachora mstari, akajumlisha: 2–1. Akanieleza kwa sauti yake ya kuitia ng'ambo ya mto kwamba kombe lile huchezwa mara mbili, nyumbani na ugenini, na mabao yote yanajumlishwa. Aliyezidi anasonga mbele. Aliyepungukiwa anafunga mizigo.

Shuleni tulicheza mpira wa magongo. Mchezo ukiisha umeisha. Nani angeniambia? Hapa nani anajua?

Nilikitazama kibao. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Chini ya hesabu yake niliiona ile ya kweli kama vile imeandikwa. Moja na moja, mbili. Tatu na sifuri, tatu. Wametolewa.

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kosta anaondoka.

Mtaa mzima unajua. Haji Nur atachukua karakana: mashine ya kukereza, ya kuchomelea, vipuri, vyote. Msafara wa magari chini ya ulinzi wa askari unaondoka Jumamosi tarehe 22, na karatasi yake imeshapigwa mhuri.

Tangu bomu kila mtu alimwambia aende kwao, naye alikataa. Alisema dereva wake kazikwa hapa, yeye hatakimbia kama mbwa aliyepigwa jiwe. Lakini kwenda kuiona timu yake ikicheza na wakubwa wa Ulaya, hiyo si kukimbia. Hiyo ni safari ya mwanamume. Hawezi kusikia, anasema, lakini macho anayo.

Na redio ni yangu. Amekuja nyumbani kusema hivyo mbele ya Aabo. Aabo akamshika mkono kwa mikono miwili.

Jumatatu, 17 Oktoba

Niliomba iwe nilisikia vibaya. Mtangazaji amesoma majina ya miji, bila shaka ya timu zilizobaki kwenye kombe. Sofia ipo. Pireas haipo. Ligi ya nyumbani wameshinda tena. Huko hawashindwi.

Kosta anataka kujua wanakutana na nani baadaye. Niliandika: Bado hawajasema.

Njiani kurudi nilimwambia Eeddo yote. Akasimama katikati ya njia, mkeka kwapani.

"Naa, Nairobi walikufundisha hivyo?"

"Nilimhurumia, Eeddo."

"Huruma." Akatema mate pembeni. Tukatembea kidogo. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mwache aende."

"Kwa uongo?"

"Barabara ile bado ina njaa. Akibaki, mwakani tutamzika. Uongo wako umemtoa motoni. Sasa unataka kumrudisha?"

"Na akifika kwao akakuta hakuna mchezo?"

"Atamkuta dada yake aliyebaki kule. Atakuta kitanda. Wallahi, wangapi hapa wangeomba kudanganywa hivyo?" Tulipokaribia nyumbani akaongeza, bila kunitazama, "Na redio tutaiweka chumba cha mbele."

Kumbe naye anaitaka.

Jumatano, 19 Oktoba

Situlii. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimemgombeza msichana aliyekuwa na jibu sahihi.

Eeddo ana haki. Naigeuza hoja yake kila upande na kila upande ina haki. Akienda atapona. Akibaki huenda asipone. Na mimi nikinyamaza napata redio. Hapo ndipo sijiamini. Nikipata faida, wema wangu unaniogopesha.

Leo Fatuma ameniuliza nani aliamua wao wakae pale penye seng'enge. Nikajibu, wakubwa. Akasema, "Walimuuliza Aabo wangu?" Nikasema hapana. Akasema, "Lakini walisema ni kwa faida yetu."

Alisema bila hasira. Kama anayesoma kitabuni.

Kila mtu hapa anahamishwa na mtu. Kwa mhuri, kwa bunduki. Na wote wanaohamisha wanajua faida yetu kuliko sisi. Mimi nimemhamisha mtu kwa kipande cha chaki.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nilikwenda nikiwa nimeamua. Kosta alikuwa anafunga spana kwenye vitambaa vyenye mafuta, moja moja, kama watoto wa kuogeshwa. Anaimba. Hajisikii anavyoimba. Eeddo alikuwa amefumba macho, akivumilia.

Alinipa karatasi. Ameandika vituo vyote kwa mkono wake, kila kimoja sindano isimame wapi, na saa ambayo kinasikika vizuri. Cairo amekipigia mstari kwa sababu anajua nakipenda.

Nilisema asante. Nikarudi nyumbani na karatasi.

Mwoga. Mwoga mwenye cheti cha ualimu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Msafara umeondoka saa tatu asubuhi. Tuliwatazama kutoka uwanja wa shule, wasichana wakihesabu malori kwa sauti. Kosta hakuwemo.

Aabo hasemi nami. Sijui ni kwa kuwa nilikwenda karakana peke yangu, au kwa kuwa nimemfanya rafiki yake aonekane mjinga mbele ya mji. Eeddo anasuka akinipa mgongo. Haji Nur amepita akasema tu, "Mwalimu," kama anayehakikisha jina.

Ilikuwa jana, kabla ya sala ya Ijumaa. Sikumpitia Eeddo. Nisingeweza kulifanya huku akinitazama. Wachukuzi wa Haji Nur walikuwa hawajafika. Nilikitoa kibao, nikaandika: Sofia walifunga tatu, wewe moja. Nilisikia vizuri. Nilikudanganya. Mmetolewa.

Alisoma. Akauliza mechi ya pili. Nikaandika kwamba ile ni kweli, mlishinda. Akachukua chaki akaifanya hesabu mwenyewe, polepole, kama wasichana wangu. Mbili. Tatu.

"Bao moja tu," alisema.

Kisha akauliza kwa nini. Niliandika maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu: Waliofukia bomu ni watu wetu. Labda mmoja ni ndugu yangu. Aliyasoma kwa muda mrefu. Akayafuta hayo tu kwa kiwiko cha shati, mabao akayaacha. Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, angalau si kwa maneno. Alitoka mlangoni akamwambia Haji Nur ng'ambo ya barabara asilete watu wake leo. Kama atakwenda siku nyingine hakusema, na si juu yangu kumwuliza. Akaketi kwenye gurudumu bovu analolifanya kiti, akaanza kuzifungua zile spana.

Karatasi ya vituo ilikuwa mfukoni mwangu. Niliiweka juu ya redio, nikatoka.