Posa Iliyosukumwa

Kaisho, Jumapili usiku, Juni 1955

Kama Yustasi ni fundi, basi mimi ni askofu. Hii ni mara ya tatu anatengeneza dinamo ya pikipiki yangu. Jana pale Nkwenda aliifuta kwa kitambaa, akaipiga kofi, akaniambia, "Mwalimu, sasa inachaji mpaka Bukoba!"

Leo haikufika hata Kamuli. Betri ilikufa mlimani, nami nimevaa suti, naenda kupeleka posa kwa akina Koku. Na ni mimi niliyekataa kutembea kwa miguu na mshenga wangu, nikamwambia kwa maringo kwamba atanikuta huko huko.

Alinikuta njiani nasukuma. Alishika kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mkono mmoja, akasukuma kwa mwingine, akicheka nyuma yangu njia nzima.

Tukaingia uani hivyo hivyo. "Shikamoo, baba," nikasema, mikono bado iko kwenye usukani.

"Marahaba." Mzee akaitazama pikipiki, kisha suti yangu, kisha vumbi.

Nilikuwa nahofia atakataa posa. Hakukataa, na afadhali angekataa.

"Koku nitakupa, mwalimu. Ila kusukuma sikumfundisha."