Wimbo Niliomfasiria Fundi Hamisi

Gisenyi, Jumatatu jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, na ziwa limejificha nyuma ya ukungu.

Ninaandika ili niyaone, kwa maneno yangu mwenyewe, yale ninayopaswa kumwambia Fundi Hamisi, nisije nikayapamba nitakapokuwa mbele yake.

Nimemdanganya.

Kwa miezi mingi sasa, kila Jumapili alasiri, tumekuwa tukikutana watu watano au sita katika chumba chake cha kushonea, hapa mtaani Nengo. Redio-kaseti huwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na betri zake huanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Kaseti ni zangu: roki ya zamani, ya wazungu wenye nywele ndefu, nilizonakilishiwa Goma juu ya kaseti za kwaya, hivi kwamba wimbo mmoja ukikatika ghafla, akina mama wanaanza kumsifu Bwana.

Niliupenda muziki huu nikiwa mvulana Bujumbura, wazazi wangu wakiwa wakimbizi huko. Gitaa la wazungu hao halimfuati mwimbaji. Linamwacha njiani na kupanda peke yake, linavutwa na kupindwa mpaka hujui tena kama ni gitaa au ni mtu anayelia. Kisha kinanda kinaingia chini yake, kizito, na ngoma zinazunguka kana kwamba chumba chote kimeanza kugeuka polepole. Siku niliyousikia kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Nilirudi nyumbani na chupa tupu, nikachapwa, wala sikujuta.

Kiingereza sikijui. Nimesoma kwa Kifaransa kuanzia darasa la kwanza hadi shahada. Lakini siku hizi, katika mji huu, msomi asiyejua Kiingereza hutazamwa kama mtu aliyeishia njiani, nami natafuta kazi, natafuta jina. Basi waliponiuliza, "Lisansiye, hawa bantu banasema nini?" (ndivyo wanavyoniita, kwa sababu ya shahada yangu), nilijibu.

Nilijibu kwa ufasaha, bila kusita.

Wimbo mmoja ndio ulioniponza. Ni mrefu, wa taratibu. Fundi Hamisi alikuwa na mdogo wake, Yusufu, fundi kama yeye, aliyevuka mpaka kwenda Goma wakati wa vita na hajaonekana tena. Cherehani yake ipo bado pale ukutani, imefunikwa shuka. Siku ile niliitazama cherehani hiyo, nikasema kwamba mwimbaji anamwita ndugu yake aliye ng'ambo ya maji, anamwambia kwamba hasira imekwisha, na kiti chake hakijakaliwa na mtu.

Fundi aliondoa mguu wake kwenye pedali. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, ananiambia, "Weka ile yetu."

Jana alikuwapo Grace, anayeuza dawa katika famasia iliyo karibu na soko. Amerudi kutoka Kampala, na alikuja kuchukua gauni lake. Wimbo ulipoanza, Fundi aliniomba niufasiri kwa sauti ili nijizoeze, kwa maana keshokutwa familia, iliyokata tamaa ya kumwona tena hai, itasoma hitima ya Yusufu, na mama yao atashuka kutoka Cyanzarwe.

"Mi nataka mama asikie kwa kinywa chako," alisema. "Atauliza kwa nini hawa bazungu banapiga makelele hivi. We utamwambia: mama, ni mutu analilia ndugu yake."

Niliufasiri. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Hata hilo linaniudhi leo.

Fundi akamgeukia Grace. "Sista, we unajua Kingereza. Eti ni vile?"

Grace alinitazama, kisha akamtazama Fundi, kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Ni vile," akasema.

"Si nilibaambia!" Fundi akapiga meza. "Lisansiye ni mutu wa masomo, bon!"

Nilimkuta Grace barabarani, gauni likiwa mkononi.

"Ule wimbo," aliniambia, "ni mtu amelala kwenye majani. Anaangalia mawingu. Anaona farasi wa rangi ya machungwa. Basi."

"Na ndugu?"

"Hakuna ndugu. Kuna farasi." Hakucheka. "Usifikiri nimekusaidia wewe. Ni ule uso wake. Sasa waongo tuko wawili, na mimi nilikuja kuchukua gauni tu."

Nikiri na hili pia: lililoniuma kwanza halikuwa Fundi, wala mama yake. Liliniuma kwamba msichana aliyesoma amejua kuwa sijui. Nilitembea hadi ufukweni nikitafuta namna ya kujieleza kwake, na niliporudi ndipo nilipomkumbuka mama mzee atakayeketi mkekani na kupokea, kama ujumbe, maneno niliyoyaokota juu ya cherehani ya mwanawe.

Ningeweza kusema tangu mwanzo: sijui wanasema nini, sikilizeni hilo gitaa. Ingetosha. Mimi mwenyewe nimeupenda miaka yote hii bila kuelewa neno lake hata moja. Kwa nini niliona haya kusema hivyo, ilhali sikuona haya kumchezea mtu msiba wake?

Leo mchana nilikwenda kwake kumwambia. Kulikuwa na wateja wawili, nami nikajificha nyuma yao. Nilimwambia tu kwamba nina neno naye.

"Njoo Jumatano saa nne," akasema, sindano ikiwa midomoni. "Mama atakuwa amefika."

"Hapana, kaka. Kabla mama hajafika. Tuwe wawili tu."

Akacheka. "Yewe! Unataka kuomba muchumba? Yule sista wa dawa?"

Wateja wakacheka pia. Sikukanusha; hata hapo nilimwacha na furaha ya uongo.

Sijui kama atataka kuusikia tena wimbo huo, au kuniona tena. Kaseti nitaibeba, aamue mwenyewe.

Tumekubaliana: Jumatano, saa moja asubuhi, dukani kwake, kabla hajafungua mlango wa mbele.